Kombe la Dunia la kriketi 2003: timu ikitikiswa katikati ya mashindano, nini hasa kinaiokoa?

Mshika_Daftari:
Wakuu, salaam. Naandaa maelezo mafupi kwa meneja wa timu ya vijana inayokwenda mashindano ya T20 (kila timu ova 20, ova moja ni mipira sita), wachezaji 15, mechi tano ndani ya siku nane. Mfano nilioamua kuutumia ni Kombe la Dunia 2003 kwa sababu mle ndani kila aina ya mtikisiko ipo: nyota kafukuzwa na dawa, timu zimegoma kusafiri, wachezaji wamepinga serikali yao uwanjani, mwenyeji katolewa kwa hesabu.

Maswali yangu:

1. Pointi za mezani ambazo Kenya ilipewa New Zealand ilipokataa kuja Nairobi zilikuwa na uzito gani hasa? Wengine wanasema Kenya ingefika nusu fainali hata bila hizo.
2. Australia iliziba vipi pengo la Shane Warne, mrushaji wake nyota wa spini (mipira inayozunguka), aliyeondolewa kwa dawa? Naomba majina na ova, si habari za "moyo wa ushindi".
3. Kwa timu ndogo, meneja aandike nini kwenye karatasi kabla ya kuondoka nyumbani?

---

HesabuZaOva:
Nijibu la kwanza, maana linabishaniwa kila mwaka na jibu lipo kwenye jedwali.

Kundi B lilikuwa na timu saba, ushindi pointi 4, sare au mechi iliyovunjika pointi 2. Kundi liliisha hivi: Sri Lanka 18, Kenya 16, New Zealand 16, West Indies 14, Afrika Kusini 14, Canada 4, Bangladesh 2. Kenya ilishinda Canada, Sri Lanka na Bangladesh, jumla 12, kisha 4 za mezani za mechi ya tarehe 21 Februari. Ondoa hizo 4 uwape New Zealand: Kenya inabaki na 12, chini ya West Indies na Afrika Kusini. Inarudi nyumbani hatua ya makundi. Hiyo nusu fainali haipo.

Kuna la pili ambalo watu hawaligusi. Kwenye Super Six, hatua ya pili ya timu sita zilizofuzu makundi, timu iliingia na pointi ilizobeba. Ukiwa umemfunga mwenzako aliyefuzu, ulibeba 4 kamili. Ukimfunga asiyefuzu, ulibeba 1 tu. Kwa hiyo Kenya ilibeba 4 za Sri Lanka, 4 za mezani, na 1+1 za Canada na Bangladesh, jumla 10. India, pamoja na ubora wake wote, iliingia na 8. Kenya ikamfunga Zimbabwe pale Bloemfontein, ikamaliza na 14. Sri Lanka ikamaliza na 11.5. Kwa maana hiyo pointi za mezani zililipa mara mbili, kwenye kundi na kwenye Super Six.

Zimbabwe nayo ilipita kwa mlango huohuo. England haikwenda Harare, Zimbabwe ikapewa 4, ikamaliza na 14 dhidi ya 12 za England.

Somo kwa meneja wako: soma kanuni za pointi kabla ya safari, hasa kipengele cha timu isiyofika. Kwa kanuni za ICC (baraza la kriketi duniani) za siku hizi, timu iliyogoma haipotezi pointi peke yake. Ova zake zote za zamu ya kupiga huingizwa kwenye wastani wake wa mikimbio bila mkimbio hata mmoja. Chukua timu yenye mikimbio 420 kwa ova 60 katika mechi tatu za T20, wastani 7.00. Ikigoma mechi ya nne, hesabu inakuwa 420 kwa ova 80, yaani 5.25. Kulirudisha hilo kwa mechi moja iliyobaki ni kazi ya punda.

---

SpiniYaPwani:
Hesabu za mkuu hapo juu sizipingi, lakini tusiwafanye vijana waamini Kenya ilibebwa tu. Pointi za mezani zilifungua mlango. Sri Lanka hawakuja Nairobi kugawa zawadi.

Tarehe 24 Februari, Nairobi Gymkhana. Kenya mikimbio 210 kwa wiketi 9 (yaani wapigaji tisa wametolewa), Kennedy Otieno 60 akifungua, Muralitharan wa Sri Lanka akichukua wiketi nne. 210 si jumla ya kutisha. Kilichofuata ni Collins Obuya kurusha ova zake 10 za spini ya mkono wa kulia, mikimbio 24, wiketi tano, Jayawardene na Sangakkara wakiwemo. Sri Lanka 157, Kenya kwa mikimbio 53.

Jiulize kwa nini kijana yule aliachiwa ova zote kumi mbele ya wapigaji wale. Kwa sababu kazi ya kila mrushaji ilijulikana: Martin Suji na Thomas Odoyo mpira ukiwa mpya, halafu katikati Steve Tikolo anabana kwa spini kutoka pande zote, yeye mwenyewe, Obuya na Maurice Odumbe. New Zealand walipogoma, hakuna aliyelazimika kubuni kitu kipya. Siku tatu baadaye mpango ni uleule.

Angalia pia Aasif Karim. Alikuwa nahodha 1999, akastaafu, akaitwa tena kwa 2003. Durban, tarehe 15 Machi, dhidi ya Australia, Brett Lee ameshapiga hat-triki (wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo) na Kenya imeishia 174 kwa wiketi 8. Mechi ilikuwa imekwisha kwa akili za watu wengi. Karim akapewa mpira, ova 8 na mipira 2, ova sita bila mkimbio, mikimbio 7, wiketi tatu, Ponting akiwa mmoja wao. Kenya ilipoteza kwa wiketi tano lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi ilikwenda kwake. Mzee wa akiba huyo. Kila kikosi cha watu 15 kinahitaji mmoja wa aina hiyo: hachezi kila siku, ila ukimpa ova nne hakuulizi arushe wapi.

---

BaoLaAlama:
Niingie kwenye Warne.

Sampuli yake ya kupimwa dawa ilichukuliwa tarehe 22 Januari. Majibu yakamfikia akiwa Afrika Kusini, na tarehe 11 Februari, asubuhi ya mechi ya kwanza dhidi ya Pakistan pale Johannesburg, timu ikajua anarudi nyumbani. Dawa yenyewe ilikuwa ya kukojoza maji mwilini. Haiongezi nguvu, lakini imepigwa marufuku kwa sababu huweza kuficha dawa nyingine. Akafungiwa miezi 12.

Sasa pengo. Mrushaji kwenye mechi ya ova 50 ana ova 10 tu, hata awe nani. Kwa hiyo Australia haikupoteza "mchawi", ilipoteza ova 10 za spini za katikati. Brad Hogg alikuwa tayari ndani ya 15 kama mrushaji wa pili wa spini. Akachukua zile ova. Nathan Hauritz akaitwa kujaza nafasi ya kumi na tano. Lehmann na Symonds walikuwa na uwezo wa kuongeza ova chache za spini siku Hogg akipigwa. Hakuna aliyeambiwa awe Warne.

Na siku hiyohiyo walikuwa na mashimo mengine mawili: Lehmann anatumikia adhabu, Bevan ni majeruhi. Ndiyo sababu Symonds alikuwemo. Akaingia timu ikiwa 86 kwa wiketi 4, akatoka na 143 bila kutolewa. Australia 310, ushindi wa mikimbio 82.

Baadaye Jason Gillespie akaumia kisigino. Nathan Bracken akaitwa kikosini, lakini ova zenyewe walimpa Andy Bichel aliyekuwa benchi. Port Elizabeth, tarehe 2 Machi dhidi ya England: ova 10, mikimbio 20, wiketi 7. Halafu Australia ikiwa 135 kwa wiketi 8 ikitafuta 205, Bichel huyohuyo akabaki na Bevan mpaka mwisho, 34 bila kutolewa, mipira miwili ikisalia.

Ukiniuliza, utaratibu ni huo: anayeingia uwanjani ni yule aliyekuwa benchi muda wote, anayeitwa kutoka nyumbani anakwenda benchi. Timu nyingi ndogo hufanya kinyume. Nyota akiumia, wanamshusha mchezaji mpya kwenye ndege saa nne asubuhi na saa nane yuko uwanjani, hajui nani anasimama slipu (kando ya mlinda wiketi).

---

Mshika_Daftari:
Asanteni sana, wakuu. HesabuZaOva, umenimaliza kwenye ile ya kulipa mara mbili, sikuwahi kuiona hivyo. Sasa mtikisiko usio wa kimichezo? Zimbabwe, na pia msiba kama wa Pakistan 2007. Hapo hakuna cha kugawa ova.

---

SpiniYaPwani:
Zimbabwe kwanza. Tarehe 10 Februari, Harare, dhidi ya Namibia: Andy Flower na Henry Olonga waliingia na utepe mweusi mkononi, baada ya kutoa tamko la pamoja kuomboleza kifo cha demokrasia nchini mwao. (Olonga baba yake ni Mkenya, kwa wasiojua.) Uwanjani siku ile hakuna kilichoharibika: Craig Wishart alipiga 172 bila kutolewa na Zimbabwe ikashinda. Kilichoharibika ni baadaye. Olonga akapoteza nafasi yake kikosini, Flower akaendelea kucheza, nahodha Heath Streak akawa katikati ya wachezaji wake na bodi. Kwenye Super Six wakapoteza mechi zote tatu. Dhidi ya Kenya wakaishia 133, Suji wiketi 3 kwa 19, Kenya ikamaliza kazi kwa wiketi saba. Baada ya mashindano wote wawili hawakuichezea Zimbabwe tena.

Maoni yangu, na mnaweza kunipinga: tamko lile halikuivunja timu. Mchezaji akianza kuona kwamba orodha ya kumi na moja inapangwa kwa sababu zisizo za kriketi, kila anayeachwa benchi anatafuta sababu yake. Meneja hawezi kuzuia siasa. Anachoweza ni kuhakikisha aliyeachwa anaambiwa sababu ya kimchezo, ana kwa ana, kabla orodha haijabandikwa.

---

BaoLaAlama:
Pakistan 2007 niongezee. Tarehe 17 Machi, Sabina Park, Ireland iliwatoa kwa wiketi tatu baada ya Pakistan kuishia 132. Kesho yake kocha Bob Woolmer akakutwa hajitambui chumbani kwake hotelini Kingston, akafariki. Tarehe 21 walikuwa na mechi ya Zimbabwe isiyo na maana yoyote kwenye jedwali. Siku tatu tu.

Walicheza. Mushtaq Ahmed, aliyekuwa msaidizi, akashika benchi. Imran Nazir akapiga 160, timu 349, wakashinda kwa mikimbio 93 kwa hesabu ya mvua, na Inzamam akaaga mechi za ova 50 siku hiyo. Kesho yake polisi wa Jamaica wakatangaza kwamba ni mauaji. Wachezaji walichukuliwa alama za vidole na baadhi ya viongozi wakahojiwa tena kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Mwezi Juni polisi haohao wakasema kifo kilikuwa cha kawaida.

Kwa kazi ya meneja, hapo kuna vitu viwili. Kuna msaidizi ambaye jina lake tayari limesajiliwa na ana kadi ya kuingia uwanjani, la sivyo benchi linabaki tupu kwa sababu ya kitambulisho tu. Na kuna mtu mmoja, si mchezaji, anayeshughulika na polisi, ubalozi, hotelini na waandishi. Nahodha akibeba hayo yote, mechi itachezwa na mtu asiyelala.

---

MlindaWiketi_Dar:
Swali la tatu limeachwa, nilichukue mimi. Naandika kwa T20.

Ova 20, kila mrushaji asizidi 4. Ukiwa na warushaji watano huna akiba hata ya mpira mmoja. Andika sita, na wa saba mpigaji anayeweza ova moja au mbili. Kisha andika nani anarusha ova za kwanza 6, nani katikati, nani ova ya 17 hadi 20. Kando ya kila jina weka jina la mrithi wake. Karatasi moja, nusu ukurasa. Hiyo ndiyo habari ya Warne na Hogg ikiwa imefupishwa.

Mrushaji akiumia katikati ya ova, mwingine anamalizia mipira iliyobaki kutoka upande uleule, lakini asiwe aliyerusha ova iliyopita wala hawezi kurusha inayofuata. Na wengi hawajui: kipande hicho kinahesabiwa ova nzima kwenye kikomo cha kila mmoja wao wawili. Aliyeumia baada ya mipira mitatu ya ova yake ya pili ametumia ova mbili. Aliyemalizia naye ametumia moja. Mwandishi wa alama asipoliangalia hilo, ova ya 19 mwamuzi anakuzuia mrushaji uliyemtunza.

Mchezaji wa akiba anayeingia uwanjani haruhusiwi kurusha, kupiga wala kuwa nahodha. Kulinda wiketi anaweza kwa ridhaa ya waamuzi. Aliyegongwa kichwani ni jambo jingine: kanuni za kimataifa tangu Agosti 2019 zinaruhusu mbadala kamili wa aina ileile, refa wa mechi akikubali. Uliza kama mashindano yenu yanaitumia kanuni hiyo, mengi ya vijana yana masharti yake.

Nahodha akiugua asubuhi: sarafu hurushwa si mapema zaidi ya dakika 30 na si chini ya dakika 15 kabla ya mchezo. Orodha ya kumi na moja ikishakabidhiwa, anayeweza kumwakilisha nahodha ni mmoja wa hao kumi na moja tu. Kocha hawezi kwenda kurusha sarafu. Na jina halibadilishwi tena bila nahodha wa upande wa pili kukubali. Kwa hiyo kama kuna mtu tumbo linamsumbua, usikabidhi karatasi saa moja kabla ili uonekane mwadilifu. Subiri.

Dawa: kabla ya safari kila mchezaji aandike anachomeza, vidonge vya kupunguza mwili, vya mafua, mitishamba ya bibi, vyote. Daktari apitie. Anayehitaji dawa iliyozuiwa aombe kibali cha matibabu mapema. Kati ya sampuli ya Warne na kuanguka kwake zilipita siku 20, kwa hiyo usiseme "tumeshapimwa, tuko salama".

Kubadilisha mchezaji kikosini: kwenye mashindano ya ICC hupitia kamati ya ufundi, kwa cheti cha daktari, na aliyetolewa harudi hivihivi hata akipona kesho yake. Kwa hiyo usikimbilie kumwondoa mwenye misuli iliyovutika siku ya pili. Mechi tano kwa siku nane, anaweza kukufaa siku ya saba.

---

HesabuZaOva:
Mkuu wa Dar umesahau mvua, na mvua ndiyo iliyomuua mwenyeji 2003.

Durban, tarehe 3 Machi, Afrika Kusini dhidi ya Sri Lanka. Mvua inakuja, ujumbe unatoka chumba cha wachezaji kwamba 229 inatosha. Mark Boucher anampiga Muralitharan sita kwenye mpira wa tano, wanafika 229, mpira wa mwisho wa ova ya 45 anauzuia tu, hakimbii. Mchezo ukasimama hapo. 229 ilikuwa namba ya sare. Ya kushinda ilikuwa 230. Pointi 2 badala ya 4, wakabaki na 14, Shaun Pollock akapoteza unahodha. Wangekimbia mmoja tu, timu nne zingemaliza na 16, Kenya ikiwemo, na hapo ndipo ungeanza ugomvi mwingine kabisa.

Kwenye jedwali la Duckworth-Lewis (ile hesabu ya mvua) namba iliyoandikwa ni ya sare. Meneja wako achukue kalamu nyekundu, mbele ya kila ova aandike namba hiyo ukijumlisha 1, na hiyo nyekundu ndiyo pekee inayopelekwa uwanjani na mbeba maji.

---

Mshika_Daftari:
Naiongeza leo. MlindaWiketi, ule mpira wa kumalizia ova ya majeruhi: ikiwa umebaki mpira mmoja tu, bado aliyemalizia anahesabiwa ova nzima?

---

MlindaWiketi_Dar:
Ndiyo, hata mmoja. Ndiyo maana mpe yule wa saba, yule mpigaji wa ova moja. Usimpotezee mtu wako wa ova ya mwisho.